Mama wa Kijapani na Posa ya Uchindile

Tangu nirudi, kila ninayekutana naye hapa Kisawasawa ananiuliza swali lile lile: ni kweli nilikwenda Uchindile kupeleka posa nikiwa na mwanamke wa Kijapani? Jibu fupi ni hapana. Jibu refu linahitaji safari nzima, kwa sababu ukianzia mwisho utadhani watu wa Uchindile ni wajinga, na hawakuwa wajinga hata kidogo. Walifikiri kwa makini kutokana na habari waliyoletewa. Kasoro ilikuwa kwenye habari.

Kisawasawa: kupanga viti

Posa ilikuwa ya Kasiani, mdogo wake mke wangu na kitinda mimba wa mama mkwe. Kasiani alikwenda Uchindile kununua miche ya misindano, ile miti ya mbao, akarudi na miche michache na mawazo mengi, kwa sababu mwenye kitalu alikuwa binti aitwaye Veneranda. Wenyewe walikwisha kukubaliana. Aliyebaki ni baba wa binti, Mzee Kalisti, mpanda miti, mtu mwenye msimamo. Yeye hapokei posa baada ya jua kuzama. Anasema jambo la ndoa lisemwe watu wakionana nyuso.

Tulikwisha kushindwa mara moja. Tulipanda lori la mpunga, likazama matopeni, tukafika kesho yake asubuhi. Mzee Kalisti alitupa mahindi ya kuchoma, akatuambia turudi tulikotoka. Baadaye akatuma ujumbe: njooni Jumamosi, na mama wa kijana awepo. Msipofika kabla ya jua kuzama, kuna familia nyingine ya Mlimba inasubiri kubisha hodi.

Mara hii nikapewa mimi kazi ya ushenga kwa sababu moja tu, nina gari. Ni gari la familia la Kijapani, la viti saba, lililokwisha kutumika huko kwao kabla halijaletwa kwetu. Nimelimiliki kwa miaka minane. Nimebadilisha tairi, shokapu, bushi, plagi, na kioo cha pembeni kilichopigwa pembe na ng'ombe. Injini haijafunguliwa.

Jambo la pili kuhusu gari hili ni kwamba linasema. Kila ukiwasha, sauti ya mwanamke hutoka kwenye dashibodi na kusema maneno ya Kijapani, taratibu, kwa adabu. Nilijifunza Kijapani kidogo kwa kitabu cha mitumba ili nijue ananiambia nini. Anasema: kadi ya kulipia barabara haijaingizwa, tafadhali hakikisha. Huko kwao barabara kubwa zinalipiwa kwa kadi. Sentensi yake ya pili huitoa ukiendesha muda mrefu bila kusimama: je, si wakati wa kupumzika? Zaidi ya hapo hana neno.

Jambo la tatu linahusu sisi, si gari. Katika familia ya mke wangu, mtu na mama mkwe wake hawazungumzi ana kwa ana. Hatukai karibu, hatuli pamoja, na tukikutana njiani mmoja anapisha. Si ugomvi, ni heshima. Mama mkwe wangu ananipenda, nami nimeambiwa hivyo na watu wa kuaminika.

Kwa hiyo nilipanga viti. Mama mkwe akakaa nyuma kabisa. Katikati nikamweka Mzee Sabinus, mdogo wa marehemu baba mkwe, ambaye kazi yake ilikuwa kupeleka maneno ya nyuma mbele na ya mbele nyuma. Kiti cha mbele, pembeni yangu, kilibaki kitupu. Mama mkwe asingeweza kukikalia, na Mzee Sabinus alisema hapendi kuona mambo yakimjia. Mke wangu alibaki na watoto, na Kasiani naye akabaki, kwa kuwa mtu hajiposei mwenyewe. Nikawasha. Mama wa Kijapani akatukumbusha kadi.

"Shikamoo," akaitikia Mzee Sabinus kwa mazoea, akalala.

Kiberege: mjumbe asiyeamka

Sikuwa nimejua kwamba Mzee Sabinus hulala kila tairi zinapozunguka. Alifanya kazi ya matrekta kwenye mashamba ya miwa akiwa kijana, na labda mwili wake ulichukulia kwamba mngurumo wa injini ni jambo la watu wengine sasa.

Tulipokaribia Kiberege mama mkwe alitaka tusimame sokoni, kwa sababu kikapu cha posa kilikuwa na sukari, chumvi na kitenge lakini hakikuwa na mchele. Nilijua anataka hivyo kwa sababu alimwambia Mzee Sabinus, nami nina masikio. Lakini nisingeweza kusimama. Kusimama kungekuwa sawa na kumjibu. Nikaendesha polepole kabisa, nikisubiri mjumbe azinduke.

"Shemeji," alisema mama mkwe. "Shemeji, soko linapita."

Shemeji alikoroma. Soko likapita.

Kisha nikasikia mama mkwe akisafisha koo na kusema kwa sauti ya heshima, ile ya kuzungumza na wageni: "Mama wa Kijapani, samahani kwa usumbufu. Naomba umwambie dereva ageuze, tununue mchele."

Nilifikiri jambo hilo kwa uzito wake. Yule mama yuko kati yetu. Ni mtu mzima, kwa sauti yake. Si ndugu wa upande wowote. Sikuona desturi ipi ingevunjika. Nikageuza gari, na pale sokoni nikazima. Mchele ulipopakiwa nikawasha, naye akasema ya kadi.

"Ahsante, mama," akajibu mama mkwe. "Nimeona amekuelewa."

Kuanzia hapo Mzee Sabinus akawa mzigo tu.

Ifakara: fundi aliyekosa kazi

Mzee Sabinus aliamka Ifakara kwa sababu mara hii tulisimama kwa muda, akasema kwamba kwenda Uchindile bila fundi kulitazama gari ni kiburi. Mama mkwe, kupitia dashibodi, alikubaliana naye. Nikalipeleka gereji.

Fundi alilala chini ya gari, akatoka, akarudi tena. Akatikisa tairi. Akasikiliza injini huku amefumba macho. Wenye magari wengine waliokuwa wakisubiri zamu wakasogea, na kama mnavyojua, wenye magari ya namna hii wakikutana hawasalimiani mara mbili kabla ya kuanza kusifu. Mwalimu mmoja alisema lake limebeba madawati ya shule nzima na halijawahi kuzimika njiani. Muuza mpunga akasema lake lilizama mtoni kutwa, likavutwa na ng'ombe, likawaka. Mwalimu akauliza liliwaka palepale au baada ya kukauka. Muuza mpunga akasema palepale. Mwalimu akasema basi huo haukuwa mto, ulikuwa mfereji. Wakaitana majina fulani nisiyoyaandika hapa.

Mimi nilisema kwamba langu halina historia ya kusisimua, ila tairi, shokapu, bushi, plagi na kioo. Wakanitazama kwa huruma.

Fundi alitoka mara ya tatu akiwa na uso wa mtu aliyedharauliwa. "Mzee, sijaona kitu," alisema.

"Vizuri," nikasema.

"Sasa utaondokaje hivi hivi?" Akarudi chini, akakaza nati iliyokuwa imekaza, akaigonga kwa spana mara kadhaa ili isikike, ndipo akaturuhusu. Jua lilikuwa limesogea sana. Nililitazama kwa wasiwasi wangu wa kwanza wa siku ile.

Mbingu hadi Chita: kalavati

Baada ya Ifakara lami inaisha na unabaki na udongo, mashamba ya mpunga upande mmoja na milima ya Udzungwa upande mwingine. Mvua ilikuwa imenyesha juzi. Gari lilikwenda vizuri. Sitalisifu kila kilomita, ila mjue kwamba kila nisiposema kitu kuhusu gari, lilikuwa linakwenda vizuri.

Tulipita Mbingu, tukapita Mngeta. Karibu na Chita mama mkwe, ambaye ni mzaliwa wa huko juu na anaijua njia, alisema: "Mama wa Kijapani, mwambie dereva kwamba baada ya kona ile kuna kalavati linalokatika kila mvua. Asimame kabla ya kona."

Na hapo, kwa kuwa tulikuwa tumesafiri muda mrefu, yule mama akatoa sentensi yake ya pili kwa utulivu wote: je, si wakati wa kupumzika?

Nilikanyaga breki kwa nguvu kuliko nilivyokusudia. Mzee Sabinus akaamka akiwa chini ya kiti. Nikashuka, nikatembea hadi konani. Kalavati halikuwepo. Palikuwa na shimo na maji ya rangi ya chai ya maziwa, na kijana wa bodaboda upande wetu akisubiri yapungue.

Niliporudi nilimkuta mama mkwe ameshika mikono kama aliye kanisani. "Hakukawia hata kidogo," alikuwa akimwambia Mzee Sabinus. "Nimemwambia tu, naye akamwambia."

"Mimi ningemwambia pia," alisema Mzee Sabinus.

"Wewe ungetuamsha majini, shemeji."

Yule kijana wa bodaboda alisogea kusalimia. Vioo vya nyuma vya gari langu ni vyeusi, hivyo aliweza kuona kiti cha mbele kitupu lakini si mengi zaidi. Alimsikia mama mkwe akiendelea kushukuru, akamuuliza anazungumza na nani.

"Na mama wa Kijapani," mama mkwe akamjibu. "Ndiye anayetusemea safari nzima."

Nikawasha gari kulisogeza kivulini, na mama wa Kijapani akasema maneno yake. Kijana akainama kidogo kuelekea kioo cheusi, akasema shikamoo. Akauliza tunakwenda wapi. Mama mkwe akamwambia Uchindile, kwa Mzee Kalisti, kuposa.

Nawaomba mkumbuke kwamba hakuna aliyesema uongo. Nimeyapitia maneno yale mara nyingi.

Maji yalipopungua kijana akavuka kwanza na kuondoka kwa kasi. Sisi tulingoja zaidi, kisha tukapita pembeni palipowekwa magogo. Gari lilivuka likiwa limelowa hadi milangoni na kutoka upande wa pili likilalamika kama nilivyotarajia, yaani halikulalamika kabisa.

Mlimba: sahani ya nne

Mlimba tulisimama kwa mama lishe kula wali na kambale. Mama mkwe alikula ndani, mimi nikala nje chini ya bati. Jambo la ajabu lilikuwa kwamba tuliletewa sahani nne. Ya nne ilikuwa na samaki mkubwa kuliko wote, bila pilipili, na kijiko kilichofungwa kwenye kitambaa safi.

Nilimwambia mama lishe kwamba tuko watatu. Akatabasamu kama mtu anayetunza siri ya mwenzake, akasema amesikia, tusiwe na shaka, ampelekee mwenyewe garini? Nilisema garini hakuna mtu. Akasema, "Haya, baba," akaiacha sahani pale. Mzee Sabinus akaila. Niliandika moyoni kwamba Mlimba wanahesabu vibaya.

Jua lilikuwa limeshuka. Mama mkwe hakumaliza chakula chake. Nilimwona kwa mbali akikunja kona ya khanga na kuikunjua. Amelea watoto wengi na wote wameoa na kuolewa isipokuwa Kasiani, ambaye ndiye anayeishi naye, anayemchotea maji na kumcheka akikosea jina la mjukuu. Tuliporudi garini alisema jambo moja tu, na hakumwambia Mzee Sabinus.

"Mama wa Kijapani, mwambie dereva wakitufukuza mara hii, mwanangu hatajaribu tena. Namjua."

Sikugeuka. Nikawasha, na tukaanza kupanda.

Mlima: nani asukume

Njia ya kwenda Uchindile inapanda kwenye misitu ya misindano, na kwenye kona moja udongo mwekundu ulikuwa laini kama ugali wa moto. Gari halikuharibika. Barabara ndiyo iliyoteleza.

Ilibidi gari lisukumwe, na hapo desturi ilitubana pande zote. Mama mkwe hawezi kusukuma gari ambalo mkwe wake amekaa ndani kama sultani. Mzee Sabinus alisema mgongo wake haupo. Kwa hiyo mimi nishuke nisukume, mama mkwe abaki ndani, na Mzee Sabinus ashike usukani.

Aliingia kwa furaha ya mtu aliyerudishiwa ujana. Kisha akauliza klachi iko wapi. Nikamwambia gari hili halina klachi. Akasema gari lisilo na klachi ni kitanda. Akaitafuta kwa mguu wa kushoto, akaikuta breki, akaikanyaga. Nilisukuma gari lenye breki kwa muda ambao sitautaja.

Ndipo wakatokea vijana waliokuwa wakitoka kupogoa miti. Hawakuniuliza tatizo. Walichungulia vioo vyeusi, wakavua kofia. Mmoja akaninong'oneza, "Mgeni hatashuka?"

Nikadhani anamaanisha mama mkwe. Nikasema hapana, haifai ashuke.

"Kabisa," akasema. "Na viatu vyake haviwezi matope yetu." Wakalisukuma gari na Mzee Sabinus na breki yake, wote kwa pamoja, wakiimba, hadi pakavu. Walikataa ahsante yoyote. Waliomba tu niwashe ili wasikie. Nilizima, nikawasha. Walisikiliza ya kadi kwa makini, wakapiga makofi.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa yule kijana wa bodaboda alikuwa ametutangulia na habari gani. Mimi si mwepesi, lakini nafika.

Uchindile: kiti cha mbele

Tulipotokeza kijijini jua lilikuwa limezama. Nasema limezama bila kulionea. Kulikuwa na mwanga wa kutosha kuonana nyuso, lakini jua lenyewe halikuwepo. Nilisikia mama mkwe akivuta pumzi na kuikata.

Mzee Kalisti alikuwa amesimama nje ya nyumba yake kwa koti na tai. Pembeni yake walikuwa majirani wengi, waimbaji wa kwaya, na mbuzi aliyekwisha kuchinjwa. Mkeka mpya ulikuwa umetandikwa kutoka mlangoni hadi barabarani.

Nikashuka, nikampa shikamoo, nikamwomba radhi kwa kuchelewa.

"Mmechelewa wapi?" alisema. "Jua liko nyuma ya mlima tu. Mgeni yuko wapi?"

Mzee Sabinus alinivuta shati na kuninong'oneza niseme anaumwa na hawezi kushuka. Angekuwa ametuokoa kwa usiku mmoja. Lakini posa ikianza na uongo, uongo huo ndio utakaoulizwa kwenye kila kikao cha ukoo hadi tuzikwe. Nikamwambia Mzee Kalisti ukweli, kwa mpangilio: gari, sauti, desturi yetu, Mzee Sabinus kulala, kalavati, kijana wa bodaboda.

Mtu mmoja nyuma akacheka, akakanyagwa mguu. Mzee Kalisti alimtazama mbuzi, kisha mkeka, kisha tai yake mwenyewe.

"Nionyeshe," alisema.

Alikwenda na kuketi kwenye kile kiti cha mbele ambacho hakuna aliyekikalia tangu Kisawasawa. Nyuma kabisa mama mkwe alijikunja, lakini hakushuka. Nikawasha. Mama wa Kijapani akasema.

"Amesema nini?"

Nikamtafsiria neno kwa neno. Kadi ya kulipia barabara haijaingizwa, tafadhali hakikisha.

"Na ameanza lini kukuambia?"

"Tangu nilinunue. Miaka minane."

"Na hiyo kadi hujaiweka."

"Hapa kwetu haipo, mzee."

"Na hajawahi kukufokea."

"Hapana. Kila asubuhi anaanza upya, kwa adabu ile ile."

Akaomba niwashe tena. Nikawasha. Alisikiliza akiwa amefumba macho, kama fundi wa Ifakara, ila huyu alikuwa anatafuta kitu kingine. Kisha binti mwenye miwani, aliyekuwa amesimama na sahani za kugawia wageni, akasogea kwenye dirisha. Nilijua ni Veneranda kwa udongo wa kitalu kwenye kucha zake.

"Baba," alisema, "na hawa uliwafukuza kwa mahindi, wamerudi wakikusalimia."

Mzee Kalisti akanyoosha mkono nyuma, bila kugeuka, kwa sababu aliheshimu desturi ya watu. "Mama," akaiambia dashibodi, "mwambie mwenzako wa kule nyuma alete hicho kikapu."

Kikapu kilipita mikono ya Mzee Sabinus, ambaye kwa mara ya kwanza siku ile alikuwa macho akifanya kazi yake, kikatua mapajani mwa Mzee Kalisti. Kwaya ikaimba. Kwa kuwa mbuzi alikuwa amechinjwa kwa ajili ya mgeni, sahani ya mgeni iliwekwa juu ya kiti cha mbele, na ikakaa pale kwa heshima hadi Mzee Sabinus alipopata njaa.

Kurudi

Kesho yake baada ya ibada tulipakia miche tuliyopewa ya kumpelekea Kasiani. Mama mkwe aliingia nyuma, Mzee Sabinus katikati. Nilikuwa nimeshika ufunguo na sijauzungusha bado.

"Mama wa Kijapani," mama mkwe akasema kutoka nyuma, polepole. "Mwambie mwanangu aliyeko hapo mbele, ahsante."

Miaka yote ya ndoa yangu sikuwahi kuitwa hivyo nikiwa nasikia. Nilitazama mbele, kwenye misindano.

"Mama wa Kijapani," nikasema, "mwambie mama kwamba mwanawe amesikia."

Nikazungusha ufunguo. Injini ikawaka mara moja, na yule mama akatukumbusha kadi.